Kampuni ya mavazi ya kimaadili inataka picha bila malipo, na mfumi wa kuigiza. Nikubali?

*Swali: Nimekuwa mpiga picha wa harusi kwa miaka kadhaa. Sasa nataka kuhamia kwenye mitindo, hasa mavazi ya kimaadili (yanayotengenezwa bila kumnyonya mfanyakazi wala kuharibu mazingira) ya mtindo wa boho: magauni mapana ya kitani, matamvua, tarizi, rangi za udongo. Kampuni moja ndogo imeniomba niwapigie picha za toleo lao jipya. Wanasema hawana bajeti, ila watanipa magauni mawili na kunitaja mtandaoni, na wanataka hakimiliki yote ya picha. Pia wanataka nimpige picha mama mmoja akiwa kwenye kitanda cha mfumi, yaani kifaa cha kufumia kitambaa, ilhali nijuavyo nguo zao hushonwa kiwandani kwa vitambaa vilivyonunuliwa tayari. Mwanamitindo avae taji la manyoya ya ndege "ili ipendeze". Je, nikubali ili nipate pa kuanzia? Mtu anaweza kweli kuishi kwa kazi hii? Na kwa nini picha zangu za majaribio zinatoka na rangi tofauti na nguo yenyewe, wakati kamera yangu ni nzuri?*

Ndugu yangu, usikubali ombi hilo kama lilivyo, lakini usiwafungie mlango. Wajibu kwa pendekezo lako mwenyewe, na hapa chini nitakueleza liwe na nini.

Nilivyouelewa wasiwasi wako, kuna hofu mbili zinazovutana. Ukikataa, unaogopa kuonekana mtu asiyejali kazi yenye nia njema. Ukikubali, unaogopa kuwa umeshiriki kusema jambo lisilo kweli. Hofu ya kwanza iweke kando. Kampuni inayojitangaza kwamba haimnyonyi mshonaji haina sababu ya kumtaka mpiga picha afanye kazi bure. Malipo ya haki hayaishii kwenye cherehani. Hofu ya pili ndiyo nzito, kwa hiyo nianze nayo.

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lililokuwa na viwanda kadhaa vya nguo, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani, na bado wafanyakazi wakaamriwa kurudi kazini. Msiba ule ndio uliozaa vuguvugu la Fashion Revolution, lililowahimiza wanunuzi waziulize kampuni: nani ametengeneza nguo zangu? Kampuni nyingi zikajibu kwa picha. Tukaanza kuona washonaji wakitazama kamera, wafumi wakiwa kazini, mikono iliyokolea nili. Tangu hapo, picha ya mtengenezaji katika mavazi ya kimaadili imekuwa na kazi ya ushahidi. Mnunuzi akiitazama anaelewa kwamba huyu ndiye aliyeifuma nguo anayotaka kuivaa. Sasa mama akiketishwa mbele ya kitanda cha mfumi kisichohusiana na nguo hizo, mnunuzi amedanganywa hata kama chini ya picha hakuna neno hata moja.

Wapiga picha wengi hudhani kwamba madai ni kazi ya anayeandika maneno ya tangazo, na kwamba wao wanatengeneza hisia tu. Sheria zinazidi kukataa mgawanyo huo. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, una Maelekezo ya 2024/825 yanayopiga marufuku madai ya jumla ya kujali mazingira yasiyo na uthibitisho, na tarehe ya kuanza kutumika ni 27 Septemba 2026. Katika tafsiri yake ya dai, maelekezo hayo yametaja pia picha, michoro na alama. Sisemi utashtakiwa kwa kumpiga picha mfumi. Nasema watunga sheria wameshaelewa jambo ambalo sisi wenye kamera tulipaswa kulielewa mapema: picha inadai.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia lenzi, waulize maswali. Nani alifuma kitambaa? Nani alikata, nani alishona, na analipwa kwa saa, kwa mwezi au kwa kipande? Nyuzi ni za nini hasa, na kwa asilimia ngapi? Wakikuambia "ni asilia," usiishie hapo. Viskosi, ambayo ni aina ya reyoni, hutokana na massa ya mti au mwanzi, lakini kwa kawaida huyeyushwa kwa kemikali zikiwemo kaboni disalfaidi, ambayo ni sumu kwa wafanyakazi wasipokingwa. Mwaka 2022 nchini Marekani, Walmart na Kohl's zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 kwa kuuza bidhaa za reyoni kana kwamba ni za mwanzi na ni rafiki wa mazingira. Ukiona alama ya GOTS, cheti cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, fahamu kwamba inahitaji angalau asilimia 70 ya nyuzi ziwe za kilimo hai, na asilimia 95 ili nguo iitwe ya kilimo hai bila kuongeza maneno. Lebo yake halisi huja na namba ya leseni unayoweza kuihakiki. OEKO-TEX Standard 100, ambayo watu huichanganya na hiyo, hupima kama nguo ina kemikali za kudhuru. Haikuambii lolote kuhusu mshahara wa aliyeishona.

Maswali haya si ya kuwahoji kama polisi. Majibu yake ndiyo yatakayokupa picha. Kama nguo zinashonwa kiwandani na kiwanda ni kizuri, basi kiwanda ndicho kisa chenyewe: meza ya kukatia, chaki juu ya kitani, mshonaji anayegeuza pindo la gauni lenye mita nyingi za kitambaa. Kuna imani kwamba boho haiwezi kukaa sehemu moja na mashine. Mimi naona kinyume chake. Picha ya chumba safi cha ushonaji, chenye madirisha na watu wasioogopa kamera, ina nguvu kuliko kitanda cha mfumi cha kukodi. Wakikataa kabisa usiingie mahali nguo zinaposhonwa, na hawana sababu inayoeleweka, hilo nalo ni jibu.

Ukifika, mtengenezaji ana haki zilezile alizonazo mwanamitindo. Alipwe kwa muda wake. Aelezwe, kwa lugha anayoielewa vizuri, kwamba sura yake itatumika kuuza nguo, wapi na kwa muda gani. Zungumza naye bila msimamizi kusimama hapo, kwa sababu "ndiyo" inayotolewa mbele ya bosi huwezi kujua ni ya nani. Muulize kama jina lake liandikwe au lisiandikwe. Na ukimwona mtoto akifanya kazi, weka kamera chini. Hilo nitalirudia mwishoni.

Kuhusu taji la manyoya, mtindo wa boho umekua kwa kuchukua nguo za watu wengine: makoti yaliyotariziwa, kaftani, blauzi za vijijini, vito vya wafugaji wanaohamahama. Kuchukua kwenyewe si kosa kila mara. Nguo ikitengenezwa na jamii yenye ujuzi huo, ikauzwa kwa bei waliyoikubali na asili yake ikatajwa, wote wamefaidika. Mambo huharibika pale asili inapofutwa. Mwaka 2015 wanakijiji wa Santa María Tlahuitoltepec, huko Oaxaca, Mexico, walilalamika kwamba blauzi yao ya jadi imenakiliwa na mbunifu wa Ufaransa, Isabel Marant. Taji la manyoya lina uzito zaidi ya hapo. Miongoni mwa mataifa ya wenyeji wa nyanda za Amerika Kaskazini, ni heshima ambayo mtu hupewa kwa matendo yake, na hakuna anayelivaa kwa kujipendezesha. Mwaka 2012 Victoria's Secret iliomba radhi baada ya mwanamitindo kupita jukwaani na taji la aina hiyo. Kama wanataka kitu kichwani, watumie kitambaa cha toleo lao wenyewe. Kinaonekana vizuri, na kinauzwa.

Sasa rangi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo maadili yanapokutana na ufundi, na watu hawaoni uhusiano huo. Mnunuzi akipokea gauni lenye rangi tofauti na aliyoiona, atalirudisha. Safari ya kurudi inatumia mafuta na vifungashio vingine, na nguo nyingine zikirudi haziuzwi tena kwa bei yake. Rangi isiyo sahihi ni upotevu ambao kampuni ilidai inaupunguza.

Kamera yako haina tatizo. Kwanza, kamera haijui mwanga una rangi gani, inakisia. Ukipiga gauni la rangi ya kutu chini ya jua la jioni ukiiacha kamera ijiamulie yenyewe rangi ya mwanga, inaona uwekundu mwingi, inadhani ni wa mwanga, inaupunguza, na kutu inageuka kuwa kahawia iliyokufa. Dawa yake ni kadi ya kijivu. Piga fremu moja yenye kadi hiyo kila mwanga unapobadilika, hifadhi faili ghafi (RAW), kisha sahihisha seti nzima kwa kufuata fremu hiyo.

Pili, usitumie kamwe nguo yenyewe kama kipimo cha weupe. Kosa hili limejaa katika picha za mavazi ya kimaadili. Pamba isiyopaushwa ina rangi ya krimu, na krimu hiyo ndiyo thamani yake, maana haikupitia dawa za kupausha. Ukibofya juu yake na kuiambia programu "hii ni nyeupe," umeipausha kwa kipanya. Pamba ya viwandani, kwa upande mwingine, mara nyingi hutiwa kemikali zinazofyonza miale ya urujuanimno na kuirudisha kama mwanga wa buluu, ndiyo maana inang'aa kwa weupe wa kibuluu chini ya flashi. Ukiwa na nguo zote mbili katika fremu moja, acha zitofautiane. Tofauti hiyo ni kweli.

Tatu, rangi za mimea na baadhi ya rangi za viwandani hubadilika kulingana na chanzo cha mwanga. Vitambaa viwili vinavyofanana dirishani vinaweza kuachana chini ya taa ya bei rahisi ya LED, kwa sababu taa hiyo haina mawimbi yote ya mwanga ambayo jua linayo. Hakuna uhariri utakaorudisha mwanga ambao haukuwepo. Kwa picha za dukani tumia mwanga wa dirisha usiopigwa na jua moja kwa moja, au taa yenye alama ya juu ya kuonyesha rangi, CRI 95 na kuendelea. Nili nzito pia hutoka nje ya uwezo wa skrini nyingi. Hapo omba kipande cha kitambaa ubaki nacho unapohariri, ulinganishe kwa macho.

Na ile filta ya rangi ya asali ambayo kila mtu anaihesabu kuwa ndiyo boho? Iache. Inageuza kijani kuwa kahawia, inafanya ngozi za watu wote zifanane, na inamwibia mtia rangi kazi yake. Hisia unayoitafuta itoke kwenye mwanga na mwendo. Mwanga unaokuja kutoka pembeni, ukiteleza juu ya kitambaa, huinua kila fundo la tarizi na kila mkunjo wa kitani. Kitani kina mikunjo kwa asili yake, usikinyooshe kwenye programu. Matamvua yagandishe kwa kasi ya shata ya sekunde 1/500 ukitaka nyuzi zihesabike, au yaache yapepee kwa 1/60. Kitambaa chenye nyuzi zilizofumwa kwa wembamba kikitoa mawimbi ya ajabu pichani, sogea hatua moja au geuza pembe palepale, kwa kuwa kuyaondoa baadaye ni taabu.

Kuna jambo moja la jua la jioni ambalo wakufunzi hawalisemi vya kutosha. Gauni jepesi likipigwa na mwanga kutoka nyuma, mwili wa mwanamitindo unaonekana ndani yake, pengine zaidi ya alivyojua. Mwonyeshe kwenye skrini ya kamera hapohapo, kabla hujaendelea. Akisema hapana, zunguka upande wa pili. Na mwili wake usiuguse katika uhariri. Ufaransa tangu Oktoba 2017 inataka picha za kibiashara ambazo umbo la mwanamitindo limebadilishwa ziandikwe kwamba zimehaririwa, na faini ni euro 37,500. Norwe ilifuata kwa sheria yake mwaka 2022. Hata pasipo sheria kama hizo, huwezi kuuza nguo isiyodhulumu mtu kwa mwili wa kubuni.

Tuje kwenye fedha. Hapa kuna dhana mbili za kurekebisha. Ya kwanza ni kwamba anayelipa ananunua hakimiliki. Katika nchi zaidi ya 180 zilizo katika Mkataba wa Berne, hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoundwa, bila kusajili, na kwa mpiga picha wa kujitegemea kwa kawaida inabaki kwake mpaka aihamishe kwa maandishi. Unachouza ni leseni ya matumizi, yaani picha ngapi, zitumike wapi, katika eneo gani, kwa muda gani. Kampuni ndogo karibu zote hazihitaji hakimiliki. Zinaiomba kwa sababu zimenakili mkataba wa mtu, au zinaogopa utakuja kuwazuia kutumia picha zao. Ukiwapa leseni iliyo wazi, hofu hiyo inaisha.

Dhana ya pili ni kwamba thamani ya kazi hupimwa kwa siku ulizofanya. Kampuni inayokataa mitindo ya haraka hutoa nguo chache, huziuza kwa muda mrefu, na haibadilishi toleo kila wiki. Kwako hilo lina pande mbili. Siku za kazi zitakuwa chache, na huo ndio ukweli mchungu wa tawi hili. Lakini picha moja itafanya kazi miaka miwili au mitatu, si wiki sita. Basi toza kwa urefu wa matumizi. Bajeti ikiwa ndogo kweli, punguza ukubwa wa kazi badala ya kufuta malipo: nusu siku, magauni sita, picha 12, leseni ya miezi 12 kwa tovuti na mitandao yao, sehemu ya malipo itangulie, na wakitaka kuendelea baada ya hapo walipie upya kiasi mlichokubaliana tangu mwanzo. Gharama za mwanamitindo na mpambaji ni zao. Magauni mawili wakikupa, yapokee kama zawadi juu ya malipo.

Kazi ya bure ina nafasi yake, ila moja tu: pale wote mnapojaribu kwa usawa, mwanamitindo, mpambaji, mshonaji na wewe, kila mmoja anapata picha za jalada lake, yaani mkusanyo wa kazi zake za kuonyesha wateja, na hakuna anayeuza kitu kwa picha hizo. Ndiyo njia ninayokushauri ya kujenga jalada bila kuisubiri kampuni hii. Tafuta fundi mmoja anayetengeneza nguo kwa mkono, ufuatilie gauni moja tangu kitambaa hadi linapovaliwa. Picha 12 za gauni moja lililoeleweka zitamshawishi mteja wa kweli kuliko magauni 40 mazuri yasiyo na habari.

Je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii? Anaweza kuishi nayo ikiwemo. Wachache sana huishi kwa mavazi ya kimaadili peke yake, kwa sababu ile niliyokueleza: matoleo ni machache. Wengi huchanganya na harusi, picha za bidhaa, picha za watu, pengine kufundisha. Usiache harusi. Zimekufundisha kufanya kazi na mwanga usioupangia na watu wasiozoea kamera, ujuzi ambao wapiga picha wengi wa studio hawana, na maharusi wengine wanautaka mtindo huuhuu. Lengo la mwanzo liwe wateja wawili au watatu wanaorudi kila toleo. Hao watakupa utulivu kuliko wateja kumi wa mara moja.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na utahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Kama baada ya kutumia kadi ya kijivu rangi bado zinakataa, peleka skrini yako ikapimwe kwa kifaa cha kusahihisha rangi. Ikionekana iko sawa, mwone mtaalamu wa macho. Udhaifu wa kutofautisha nyekundu na kijani huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na wapo wanaoishi nao hadi utu uzima bila kujua. Hauzuii kazi, ila utajua kwamba unahitaji jicho la pili kabla ya kukabidhi picha.

Ukiona mtoto kazini, milango ya dharura iliyofungwa, au mfanyakazi akikunong'oneza kwamba halipwi, usikimbilie kuchapisha picha. Sura yake inaweza kumfukuzisha kazi au kumletea mabaya zaidi. Nenda kwa ofisi ya kazi, chama cha wafanyakazi au shirika la haki za watoto, ueleze ulichokiona, na uwaache waongoze hatua inayofuata.

Mwanasheria mtafute kama kampuni itashikilia kifungu cha hakimiliki yote, kama mwanamitindo hajafika miaka 18, au kama mkataba unakutaka uthibitishe wewe binafsi kwamba madai ya tangazo ni ya kweli. Kifungu hicho cha mwisho usikitie saini. Madai ni yao, na wao ndio wenye nyaraka. Mpelekee rasimu kabla ya siku ya kupiga picha, kwa sababu faili zikishatoka mkononi mwako, nguvu yako ya kujadiliana imeondoka nazo.